Nilisema Anakojoa

Hadija mwanangu,

Salamu sikuandikii. Asubuhi nimekusalimia mara mbili, na mara zote mbili umejifanya unafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havina kamba. Sasa umekwenda kuwaaga mashoga zako, baba yako yuko msikitini, wadogo zako nimewafukuzia kisimani, nami nimekaa barazani na daftari lako la hesabu la mwaka jana, naandika kurasa za nyuma ulizoacha. Nimeishia la saba, unajua. Mwandiko wangu unakwenda kama bata aliyepigwa mawe. Ukitaka kucheka cheka, lakini usome mpaka mwisho.

Mambo ya sabuni na ndoo na chandarua, na nguo ipi ya shule na ipi ya kutokea, sitayasema. Baba yako kayasema wiki nzima mpaka mbuzi wanayajua. Mimi nataka kusema habari ya mwanamke unayekwenda kukaa kwake.

Simpendi shangazi yako Rukia. Naanza na hilo ili usije ukadhani nimelainika. Sipendi anavyocheka, sipendi anavyoingia ndani ndipo apige hodi, sipendi anavyomwita baba yako "kadogo kangu" mbele ya watoto wake. Siku nilipoletwa kwenye nyumba hii nilikuwa na miaka kumi na sita. Alinishika kidevu mbele ya watu, akaniinua uso kama anakagua mbuzi wa Idi, akasema, "Kazuri, lakini kembamba. Jembe kataliweza haka?" Ukumbi mzima ukacheka. Mwaka uliofuata nikakuzaa wewe, na yeye akaja kukutazama akasema pua umechukua kwao, ashukuriwe Mungu. Basi hivyo ndivyo tulivyoanza. Sikuhitaji sababu nyingine ya kumchukia, lakini nikajitafutia.

Ijumaa ile alipokuja kuzungumza na baba yako juu ya wewe kusoma sekondari Ikwiriri, ukae kwake, jioni umsaidie kwenye duka lake la dawa, ulisimama mlangoni. Baba yako akakwambia, "Msalimie shangazi." Ukasema, tena kwa sauti ya kutosha majirani, "Mimi sisalimii aliyemuua bibi yangu."

Nilikuwa uani na ungo. Nilisikia. Baba yako aliruka kutafuta fimbo. Rukia alikuwa bado kashika ule mkate aliokuletea, akauweka juu ya mkeka taratibu, akasema, "Mwache mtoto. Maneno hayo hakuyatunga yeye." Kisha akageuza shingo akanitazama mimi kule uani. Mimi nikaendelea kupepeta. Mchele wenyewe ulikwisha kuwa safi, mwanangu. Nilikuwa napepeta hewa.

Hayo ndiyo yaliyoniketisha hapa. Kesho unakwenda kulala kwenye nyumba ya mtu ukiwa na chuki niliyokulisha mimi. Kwa hiyo nitakueleza yote, kuanzia dungu.

Ulikuwa na miaka saba. Mpunga wa bondeni ulikuwa umeanza kutia maziwa, na ndege ndio wakati wao. Tulikuwa tumehamia shamba kama kila mwaka, tunakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambacho siku hizi unaona haya kuwasimulia wenzako. Kipandio cha tatu cha ngazi kilikuwa kimelegea. Nilikijua. Siku tatu nakiruka mimi mwenyewe nikisema baba yako akija atakikaza. Wewe sikukwambia ukiruke. Nilikuachia kamba yenye makopo uitikise ndege wakitua, nikaenda zangu mpakani kugombana na jirani aliyeng'oa alama ya shamba. Niligombana vizuri sana siku ile, hata yeye alinisifu. Niliporudi nilikukuta chini.

Uliinuka. Ukacheka hata. Ukaomba ugali. Halafu ukatapika, halafu ukasema una usingizi, nami nikakutandikia kanga nikasema mtoto kachoka na jua. Nikakuacha ulale! Alasiri nilipokuamsha hukuamka, na jicho lako moja kiini chake kilikuwa kimetanuka kuliko mwenzake.

Baba yako alipofika alikufunga mgongoni kwangu, akanipakia kwenye baiskeli mpaka barabarani, kutoka hapo lori la magogo likatufikisha hospitali. Daktari alikuwa kijana, shati limemzidi. Alikutazama macho kwa kurunzi, akakuminya ukucha, kisha akaniuliza, "Mara ya mwisho kakojoa saa ngapi?"

Nikamjia juu. "Mtoto anakufa wewe unaniuliza mkojo?"

"Ndiyo, mama. Hilo ndilo la kwanza."

Akakuingiza mpira wa mkojo, akaning'iniza mfuko pembeni ya kitanda. Ndipo yule muuguzi mnene tuliyekuwa tunamwita Sista akaleta chupa. Nje inaonekana maji tu. Imeandikwa kizungu, manitoli. Sista alinieleza huku anatafuta mshipa, nami nilishika kila neno, maana nilikuwa naogopa na mtu mwenye hofu hasahau. Alisema ubongo wako umevimba, na fuvu ni mfupa, halitanuki kama tumbo, kwa hiyo ubongo unajibana wenyewe. Dawa hii ikiingia kwenye damu inayavuta maji kutoka kule kichwani, yanaingia kwenye damu, figo zinayachuja, yanatoka mkojo. "Sasa wewe mama," akanionyesha ule mfuko, "usitazame chupa. Tazama hapa. Hapa pakijaa tumshukuru Mungu. Hapa pakikauka, nakimbia kuifunga." Kila saa alikuja akainama, akaandika.

Mimi nilitazama chupa. Nilishindwa kutazama mkojo wakati uhai wa mwanangu unadondoka juu tone kwa tone. Ndivyo nilivyoona mimi.

Kabatini kwao kulikuwa na ile moja tu. Miaka ile ndipo walipoanza kutwambia dawa nyingine tukanunue wenyewe, maduka ya watu binafsi yamefunguliwa Dar, nendeni. Baba yako alishika ile karatasi akawa anaizungusha tu. Rukia akaingia wodini. Wakati huo hakuwa na duka. Alikuwa ananunua kamba kule delta, anawapakia na barafu, anawapeleka mjini. Wodi nzima ilijua kaingia, kwa harufu. Hakunisalimia, hakuuliza, alimpokonya baba yako karatasi akaisoma, akatoka. Sikujua kaenda wapi.

Kesho yake alasiri karudi na lile sanduku lake la barafu kichwani. Kalala juu ya lori kwenda, kalala juu ya lori kurudi, macho mekundu kama ya fisi. Akalitua katikati ya wodi, akafunua, akachimba barafu kwa mikono, akatoa chupa mbili, moja ina sharubu za kamba zimenasa kwenye lebo.

"Nimezilinda na joto," alisema. Kajaa fahari!

Sista akaiinua chupa dirishani. Ndani mlikuwa na vijiti vidogo vidogo vinang'aa, kama mtu kasaga kioo akakitia humo. "Nani kakwambia uweke barafu?"

"Kamba wenyewe wakikosa barafu wanaoza, seuze dawa?"

Wodi ikaangua kicheko. Hata waliovunjika mbavu walicheka huku wanajishika. Na mimi nilicheka, mwanangu. Wewe umelala kama gogo, mwanamke kasafiri siku mbili kwa ajili yako, na mimi nikacheka kwa sababu ya kidevu changu kilichoshikwa siku ya harusi. Yeye hakucheka. Aliuliza tu, "Imekufa?"

"Haijafa," Sista akasema. "Imeganda. Baridi ndiyo adui yake." Akaagiza beseni la maji ya moto, akaitumbukiza chupa moja, akawa anaizungusha pole pole mpaka vile vijiti vikayeyuka vyote. Akaiacha ipoe mpaka joto la mwili, akaijaribu shavuni mwake. Akaiinua tena dirishani. "Ukiona hata chembe moja, humtilii mtu mshipani." Hata hivyo akaiwekea mpira wenye chujio.

Nilisimama begani kwake. Nilijifunza mikono yake yote, jinsi ya kuzungusha, jinsi ya kujaribu kwa shavu. Macho yake sikujifunza. Macho yake kila mara yalikuwa kwenye ule mfuko wa chini.

Siku ya tatu ulifumbua macho ukasema, "Mama, ndege." Nililia mpaka Sista akanitoa nje.

Chupa ya pili haikufunguliwa. Siku ya kuruhusiwa Sista alisema, "Mama Hadija, hii tuachie, itamfaa mwingine." Nikamwambia, "Mlisema tununue. Tumenunua, ni yetu." Akasema, "Si ya kukaa nayo nyumbani hii. Bila mtu wa kupima mkojo ni hatari." Nikamwitikia ndiyo Sista, nikaifunga ndani ya kanga, nikaondoka nayo. Sikuwa na haja nayo yoyote. Nilitaka tu kitu kimoja duniani ambacho wao hawanacho na mimi ninacho.

Ikakaa darini, nyuma ya vyungu, miaka miwili. Mwenzio nikawa maarufu. Wanawake wakija kunisalimia nawaeleza habari ya maji yanayovuta maji, nazungusha mkono hewani kama Sista. Wakaanza kuniita Daktari. Nilipenda. Usinione nimenuna siku hizi, nilikuwa mtu wa kupenda kusifiwa.

Sasa bibi yako. Wewe unamkumbuka kwa hadithi na kashata. Kwangu mimi ni mama yangu, ndiye niliyebaki naye peke yake upande wa kike. Kipupwe kile, akiwa kwetu hapa, alivimba miguu, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Asubuhi na uso umevimba. Akilala chali anakosa pumzi, tukawa tunamkalisha na mito. Na lile kopo lake la kukojolea, la bati la buluu, lililokuwa chini ya kitanda, mimi ndiye niliyekuwa nalimwaga kila asubuhi. Siku moja nikakuta matone. Kesho yake kavu. Siku ya tatu kavu.

Niliona kwa macho yangu. Nikapiga hesabu yangu mwenyewe: maji yamemjaa mwilini, hayatoki. Mimi nina dawa ya kuvuta maji. Hesabu ikanipendeza sana.

Hospitali mama hakutaka. "Sifii kwenye kitanda cha chuma," alisema, "nizikeni nikitoka kwenye kitanda changu cha kamba." Rukia alikuja kumjulia hali. Kamba alikwisha kuwaacha. Ile safari yake ya Dar ilimfungua macho kwamba dawa ndiyo biashara, kaenda kwenye mafunzo ya wiki chache, kafungua duka Ikwiriri, anajua kuchoma sindano, anajua kutundika dripu. Akamtazama mama, akanivuta uani. "Wifi, huyu apelekwe hospitali leo."

"Kakataa."

"Mbebeni akiwa amekataa."

"Wewe mama yako ungembeba?" nikamwuliza. Mama yake alikwisha kufa. Nilijua panapouma, nikagusa.

Nikapanda darini nikaishusha chupa. Ilikuwa na vijiti ndani, kipupwe kilikuwa kikali mwaka ule. Nikachemsha maji, nikaitumbukiza, nikazungusha, vikayeyuka, nikaipoza, nikaijaribu shavuni, nikaiinua juani. Safi. Rukia alikuwa anatazama tu. "Wifi, haya umejifunzia wapi?" Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazamwa na mwanamke yule kama mtu mzima. Ilikuwa tamu, Hadija. Sitakudanganya, ilikuwa tamu kuliko kashata za bibi yako.

Alikuwa na mipira ya dripu kwenye mkoba wake. Akaitoa. Akashika mkono wa mama, akatafuta mshipa. Halafu akasimama, sindano mkononi, akanigeukia.

"Anakojoa huyu?"

Nikasema, "Anakojoa."

"Vizuri?"

"Vizuri tu, wifi. Leo asubuhi nimemwaga kopo zima."

Nimeandika. Miaka sita sijalisema hilo hata kwenye sijda.

Utaniuliza kwa nini. Nilijua nikisema hakojoi Rukia atakunja mipira yake. Na yule daktari kijana aliuliza swali lilelile mbele yangu, Sista akanieleza sababu yake, lakini mimi nilikwisha kuliweka fungu moja na maswali ya pale dirishani pa hospitali, dini gani, kijiji gani, balozi wenu nani. Niliona ni desturi yao. Na zaidi ya hapo, nilitaka mama apone kwa mkono wangu, Rukia akiwa amesimama pembeni. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, bila kanga.

Haikufika saa moja. Alianza kusema kifua kizito. Kisha pumzi ikawa inatokota kama uji. Akashika kamba za kitanda akataka kusimama. Povu likamtoka puani, jekundu jekundu. Rukia alichomoa sindano, akamkalisha, akamkumbatia kwa nyuma, anapiga kelele watu watafute gari. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni langu la maji ya moto. Mama kafa kabla ya adhuhuri.

Wewe nilikuwa nimekutuma dukani. Kwa hiyo hukuona kitu kimoja, nami ndicho ninachokiona kila siku. Rukia alimlaza mama, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akalitoa lile kopo. Akalitazama ndani. Akapitisha kidole. Kavu, lina vumbi. Akaniinulia macho. Watu wakaanza kuingia.

Matangani niliulizwa ilikuwaje. Nikasema, "Wifi kamtundikia dripu." Ona jinsi uongo unavyoweza kuwa wa kweli neno kwa neno. Siku ya tatu Rukia akasimama mbele ya kaka zangu, akasema, "Mimi nilimuuliza kama anakojoa. Huyu hapa, muulizeni." Wote wakanigeukia. Nikasema, "Hakuniuliza kitu."

Kaka yangu mkubwa alimfukuza uani kwa mpini wa shoka. Tangu siku ile watu wa kijijini kwetu wakifika Ikwiriri wanalipita duka lake wanatema mate. Na wewe, ulikuwa na miaka tisa, ulinishika goti ukaniuliza, "Mama, nani kamuua bibi?" Nikakwambia, "Dawa ya shangazi yako." Na kumbe chupa ilikuwa yangu.

Nilipokwenda kumzaa mdogo wako wa mwisho nilimkuta Sista yuleyule, kazeeka. Nikamwuliza kama habari ya mtu mwingine, nasikia kuna mama mmoja huko. Akatikisa kichwa. Alisema dawa ile inayatoa maji kwenye nyama inayaleta kwenye damu, na yakishaletwa lazima yapate mlango wa kutokea. Figo zimefunga, mlango hakuna. Damu inajaa, moyo unaelemewa, maji yanaingia kwenye mapafu. Mgonjwa anazama akiwa kitandani. Alisema hata mwenye moyo mchovu, hata aliyekauka kwa kuharisha, hapewi hivi hivi. Si dawa ya miguu kuvimba. "Huyo mama," aliniuliza, "hakuna aliyemwangalia mkojo?"

Nikamwambia, "Sijui."

Labda mama angekufa tu. Figo zilikwisha kukataa, na hata hospitali labda wasingeweza. Najiambia hivyo. Lakini asingekufa siku ile, wala kwa maji niliyoyapasha moto mimi.

Sasa nikuambie la Rukia ambalo hukulijua. Muuza ufuta mmoja wa kule alipita hapa mwaka jana, anatuchekesha habari za Ikwiriri. Akasema kuna mwenye duka la dawa mmoja, hatundiki dripu nyumba ya mtu hata umlambe miguu, na ukienda kumwambia mgonjwa wako kavimba, anafunga duka, anakufuata mpaka kwako, anainama chini ya kitanda, anataka aone kopo. Vijana wamempa jina, wanamwita Bi Kopo. Akipita wanaimba, "Bi Kopo, njoo utazame la kwangu!" Akiona kavu, hauzi kitu, anasimamia mwenyewe mpaka mgonjwa apakiwe gari la hospitali.

Watu wote hapa barazani walicheka. Nami nikacheka, halafu nikaingia ndani nikafunga mlango. Maana nilielewa kitu kimoja ambacho wale vijana hawakijui. Mwanamke yule aliuliza swali sahihi siku ile. Alikosa moja tu, aliniamini.

Na kosa lake lipo, simfutii. Alikuwa na wiki zake chache za mafunzo na mkoba, akaingia nyumba ya mtu akajifanya hospitali. Angeng'ang'ania mama abebwe. Alijua. Na mimi sijaacha kumchukia, chuki ya miaka yote hiyo haikauki kwa kurasa sita za daftari. Lakini yeye kosa lake kalifanya kazi, anaamka nalo, anainama nalo chini ya vitanda vya watu, anaimbiwa nyimbo kwa ajili yake. Mimi langu nimelibandika jina lake.

Mwanangu, utasimama kwenye kaunta ile jioni. Sijui mtihani utafaulu vipi, sijui utakuwa nani, ingawa nina tamaa zangu, nakuona na koti jeupe na sisemi kwa mtu. Lakini najua nani atakuja mbele yako. Nitakuja mimi. Atakuwa mwanamke kavaa kanga safi, anaongea vizuri, ana mgonjwa anayempenda kuliko roho yake, na jina la dawa kalishika kichwani kwa sababu ilimponya mtu fulani. Utamwuliza, naye atakujibu lile ambalo litakufanya umpe. Hatakuwa na sura ya mwongo. Atakuwa anakutazama machoni kama nilivyomtazama wifi yangu. Usimtukane, lakini usimwamini. Mwambie akupeleke ukaone.

Usidhani naandika ili unisamehe. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki yote. Ila umkasirikie anayestahili. Mimi nipo, ninapokaa unapajua.

Kesho asubuhi Rukia atakuja na pikapu ya mumewe. Kaka zangu nimewaitia chai, wanadhani ni ya kukuaga. Usipande gari kabla sijasema. Nataka nimwambie shikamoo kwanza, maana ni mkubwa wangu na sijamwamkia tangu matanga, kisha niyaseme haya mbele yao wote, mbele ya baba yako, wewe ukiwa umesimama. Nina tumaini nitaweza. Nimejifunza kuyasema tangu juzi, nayasema kuku wakiwa wanasikiliza.

Lakini najijua. Ukiona nimeanza maneno ya mvua na barabara, ukiona nimechukua ungo, usinisubiri. Mpe shangazi yako barua hii aisome kwa sauti, ile sauti yake ya kuuzia kamba ambayo nimeichukia tangu nina miaka kumi na sita. Itafika mpaka nyumba ya mwisho, na ifike.

Utaikuta ndani ya kopo la bati la buluu, juu ya sanduku lako. Ndilo lile la bibi. Wote wanadhani lilitupwa. Lilikuwa darini, mahali pa ile chupa. Mpelekee Rukia. Yeye alilitazama akiwa amechelewa, na tangu siku hiyo hajaacha kutazama. Mimi nililitazama asubuhi tatu mfululizo, mapema kabisa, nikasema anakojoa.

Mama yako.